Nisome usiku kwenye simu, au niwaache wanangu niende bwenini?

Anti, shikamoo.

Mimi ni muuguzi wa cheti, nina miaka 32, nafanya kazi katika kituo cha afya cha serikali kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kike, yuko darasa la tatu. Mdogo ni wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi saba na bado ananyonya. Baba yao anafanya kazi kwenye boti ya mizigo. Akipata safari ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, anarudi mapema, akipata ya Mpulungu, Zambia, tunaweza kukaa wiki tatu hatujamwona, na akiwa majini simu haipatikani. Ni mume mwema, sikuandikii ili kumshtaki.

Shida yangu ni shule. Mwezi wa pili tuliletewa mama aliyejifungulia kwenye mtumbwi, njiani kuja kwetu. Mtoto alikuwa mzima, analia. Kondo la nyuma likagoma kutoka, na damu ikawa inakuja. Mganga mfawidhi alikuwa ameitwa kikaoni mjini, kwa hiyo nilikuwa mimi na mhudumu mmoja. Nilichoma sindano ya oksitosini, nikaweka dripu, nikamtoa mkojo kwa mpira, nikakaa namkanda tumbo huku boti ya wagonjwa inatafutiwa mafuta. Kanga ya kwanza ililowa, ya pili ikalowa, ya tatu nikaacha kuitazama. Tulimfikisha Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, na akapona. Daktari aliyempokea alinipigia kuniambia nilifanya vizuri, kisha akaniuliza kama najua kwa nini tunatoa mkojo. Sikujua. Nilikumbuka tu kwamba unatolewa. Akanieleza kuwa kibofu kikijaa kinauzuia mji wa mimba kusinyaa. Anti, nimeifanya kazi hii miaka minane kwa kukumbuka. Nataka sasa niifanye kwa kujua.

Na nisikudanganye, lipo pia suala la kada na mshahara. Kijana niliyemwelekeza mimi kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, alipokuja kwa mazoezi amerudi na stashahada, na sasa ndiye anayepanga zamu zangu.

Nimepata njia mbili. Ya kwanza ni chuo cha bweni mkoani Tabora. Kwa kuwa nina ngazi ya 5, yaani cheti, nitasoma mwaka mmoja tu, kuanzia Oktoba. Watoto hawaruhusiwi bwenini. Ya pili ni chuo chenye utaratibu wa masafa, miaka miwili. Masomo yanatumwa mtandaoni, unasoma kwa muda wako, asainimenti unatuma hukohuko, na kila muhula unaitwa chuoni wiki mbili, halafu unafanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye hospitali watakayokupangia. Ada zake hazipishani sana, ila huku kwa bweni kuna chakula na malazi juu yake.

Kuna na ya tatu, sijui hata kama ni ya kuitaja. Rafiki yangu aliyeko Dar alinitumia tangazo la chuo cha nje: stashahada ya uuguzi kwa miezi sita, yote kwenye simu, bila fildi.

Mume wangu anasema nichague ya masafa, nikae nyumbani na watoto. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye mji mmoja, anasema hajawahi kuona mwanamke anayekimbia mtoto wa kunyonya kwa ajili ya karatasi. Wenzangu kazini wanasema cheti cha kwenye simu hakina heshima, nitaonekana kihiyo. Binti yangu aliuliza swali moja tu: nikienda Tabora, nani atamsuka Jumapili? Mdogo wangu ni mwalimu Kasulu, aliwahi kusema niwapeleke kwake wote wawili, lakini ana maisha yake na sipendi kumtwisha mtu mizigo yangu.

Moyo wangu uko kwenye masafa, kwa sababu nitakuwa na wanangu. Tatizo la mtandao nimeshalijua: unashika vizuri ukikaa benchi la nje ya kliniki ya watoto, sisi tunaliita ofisini. Fomu zote mbili ninazo, na zote mbili sijazijaza. Nisaidie.

Mama wa Wawili, Uvinza

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kanga tatu zile.

Nimesoma barua yako nikaona umeniletea maswali mawili umeyafunga kitambaa kimoja. Swali la kwanza ni chuo gani kitakupa huo ujuzi uliokosa siku daktari alipokuuliza kuhusu mkojo. La pili ni nani atakuwa na watoto wakati wewe unautafuta. Umeyafunga pamoja kwa sentensi moja, "kwa sababu nitakuwa na wanangu," na sentensi hiyo ndiyo ningependa tuifungue kabla hujagusa fomu.

Je, utakuwa nao? Chukua daftari la zamu na uandike wiki yako iliyopita ilivyokwenda, saa kwa saa. Uliingia kazini lini, ulitoka lini, uliitwa mara ngapi usiku leba ilipozidiwa, maji yalichotwa na nani, mtoto alilala saa ngapi na aliamka kunyonya mara ngapi. Kisha uweke humo masomo ya ngazi ya stashahada. Kozi ile ambayo watu wa bweni wanaimaliza kwa mwaka mmoja wakiwa hawafanyi kazi nyingine yoyote, wewe utaisoma kwa miaka miwili juu ya kazi ya siku nzima. Saa za kusomea itabidi zichukuliwe mahali. Mama wengi huzitoa kwenye usingizi wao, na usingizi ukiisha huzitoa kwa watoto, bila mtu kutangaza kwamba mama ameondoka. Umeniambia mwenyewe mtandao unashika kwenye benchi la kliniki, maana yake saa mbili usiku, wakati wanao wanalala, wewe hutakuwa nyumbani. Utakuwa ofisini, kama mnavyopaita.

Sisemi hivyo ili kukuvunja moyo na masafa. Nasema kwa sababu kwenda Tabora kunaonekana: kuna begi, kuna tiketi ya treni, kuna kilio stesheni, na kila mtu anajua mama hayupo, kwa hiyo watu wanajipanga. Masafa hayaonekani. Mume ataona mke yupo, mama mkwe ataona mkwe yupo, mganga mfawidhi ataona muuguzi yupo, na kila mmoja atakutumia kama kawaida. Hakuna atakayepika kwa niaba yako kwa sababu unatazama simu. Ukichagua njia hiyo, itabidi kuondoka kwako ukutengeneze wewe mwenyewe na kukutangaza: Jumanne na Alhamisi jioni sipo, mkinitafuta nipo darasani. Je, katika mji wenu sentensi hiyo inaweza kusemwa na ikaheshimiwa? Wewe ndiye unayewajua, mimi siwajui.

Sasa kuhusu hilo neno mtandaoni. Uuguzi haujawahi kuwa kazi ya kusoma tu, na hilo unalijua kuliko mimi, maana mikono yako ndiyo iliyokaa juu ya tumbo la yule mama. Huko Marekani, ambako masomo ya mtandaoni yamesambaa sana, kozi za uuguzi wanazosoma watu wakiwa nyumbani mara nyingi ni za wauguzi ambao tayari wana leseni na wanataka kutoka stashahada kwenda shahada. Anayeanza sifuri, hata kama nadharia anaisoma kwenye kompyuta, wodini anaingia, na kuna mtu anayesimama nyuma yake kumtazama. Walipotokea waliotaka kuiruka wodi, ilikuwa kesi: Januari 2023 waendesha mashtaka wa huko walitangaza kwamba stashahada na hati bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 zilikuwa zimeuzwa kutoka shule tatu za Florida. Kwa hiyo tangazo la rafiki yako wa Dar, la miezi sita bila fildi, hapo tu nitakuambia waziwazi: liache. Kwenye hayo mengine sitakuamulia.

Masafa uliyopata wewe ni jambo tofauti kabisa na tangazo lile, na wenzako kazini wanayachanganya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, na leo ukiingia ofisi nyingi za halmashauri utakuta watu waliosoma huko, hakuna anayewaita vihiyo. Heshima ya cheti chako haitatokana na mahali ulipokaa ukisoma. Itatokana na mambo unayoweza kuyahakiki kabla ya kulipa hata shilingi. Je, chuo kina ithibati ya NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na je, kozi hiyo yenyewe, ya uuguzi, kwa utaratibu huo wa masafa, imeruhusiwa? Usiridhike na jina la chuo kuwa kwenye orodha; chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa bado. Swali la pili lipeleke Baraza la Uuguzi na Ukunga, maana hao ndio watakaokusajili kwa ngazi mpya na kukupa leseni. Waulize wanavyowatazama wahitimu wa utaratibu huo. Pata jibu kwa maandishi kama inawezekana. Mtu wa udahili chuoni atakuambia "usijali", na mimi neno hilo nikilisikia kwa mtu anayepokea ada huwa naanza kujali.

Kuna jambo umelipita haraka mno: mwajiri. Umeandika kana kwamba ruhusa ni ya Tabora tu. Wewe ni mtumishi wa umma. Kwa bweni utahitaji kibali cha masomo kutoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na bila hicho utahesabiwa mtoro kazini hata kama kila mtu kijijini anajua uko shule. Lakini kwa masafa pia kuna zile wiki mbili za kila muhula, na kuna fildi. Fildi ikipangwa Maweni, nani atakaa zamu zako? Kituo chenye watumishi wachache kitakuruhusu muhula wa kwanza kwa tabasamu, wa pili kwa kununa, na wa tatu utaambiwa subiri. Hapo ndipo miaka miwili huwa mitatu. Muulize Afisa Utumishi kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, mshahara utaendeleaje ukiwa masomoni, kama utasaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri kwa muda fulani, na ukimaliza kubadilishiwa kada kuwa Afisa Muuguzi Msaidizi kunachukua hatua gani. Hilo la mwisho liulize vizuri. Wapo watu wanaorudi na stashahada wakakaa muda mrefu na mshahara uleule wakisubiri nafasi na bajeti. Si sababu ya kutosoma, ila ukilijua mapema hutakopa SACCOS kwa kutegemea mshahara ambao haujafika.

Na mkopo wa serikali usiuhesabu mpaka uuone. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa fani zilizochaguliwa, na si kila kozi ya afya imo. Soma mwongozo wa mwaka husika.

Turudi kwenye kile ulichosema unakitaka, kufanya kazi kwa kujua. Hapa njia zote mbili zina utamu wake na ningependa uuonje wote. Kwenye hospitali kubwa, mkufunzi akiwa pembeni yako, unaweza kuona kwa mwezi mmoja mambo ambayo kijijini yanakufikia mara moja kwa mwaka, tena yakikufikia ukiwa peke yako na kanga. Unauliza "kwa nini" palepale na unajibiwa palepale. Jioni unakaa na wenzako mnaulizana maswali, na usiku unalala. Mwaka unaisha. Kwa masafa, kinyume chake, unachokisoma Jumatatu unaweza kukikuta leba Jumatano, na mtu anayesoma huku anafanya kazi hushika mambo kwa namna ambayo mwanafunzi mgeni hawezi. Wewe una miaka minane ya wagonjwa kichwani. Kila ukurasa utakukumbusha mtu. Lakini anayejibu "kwa nini" yako atakuwa wapi saa hiyo? Uliza chuo: mwanafunzi akikwama, anampata nani, kwa njia gani, na ndani ya muda gani? Waombe wakuunganishe na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayefanya kazi kijijini kama wewe. Huyo ndiye atakayekuambia kama masomo yanafunguka kwa bando la kawaida au ni video ndefu zinazogoma mwalimu akiwa ameachama mdomo, na kama unaweza kuyapakua ukiwa Kigoma mjini ukayasoma ukiwa kwako bila mtandao. Kwa mtu wa mwambao hilo linaweza kuamua mambo kuliko ada.

Sasa watoto, maana najua umeruka aya zote hizo kuja hapa.

Mdogo kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na wewe huwaambia akina mama hivyohivyo kliniki. Ikifika Oktoba atakuwa ametimiza miwili, kwa hiyo lile neno la kukimbia mtoto wa kunyonya halina uzito kama linavyosikika. Yeye ziwa anaweza kuliacha. Kinachomuumiza mtoto wa umri huo ni kupoteza vitu vingi kwa mpigo: ziwa, mama, nyumba na mtu aliyemzoea, vyote wiki moja. Ukielekea Tabora, mwachishe taratibu miezi kadhaa kabla, na huyo atakayebaki naye aanze kumlisha na kumlaza wewe ukiwepo bado. Atalia, ndiyo. Utakaporudi likizo anaweza kukukataa siku mbili tatu akamkimbilia huyo mwingine, na hilo litakuuma kuliko kilio cha kwanza. Jiulize kama unaweza kulibeba. Wapo mama wanaoweza na wapo wasioweza, na wote ni mama.

Mkubwa hujamhesabu vizuri, nadhani. Januari anaingia darasa la nne, mwaka wenye mtihani wa upimaji wa taifa. Ukiwa Tabora kuanzia Oktoba, utakosa karibu mwaka wote huo. Ukiwa kwenye masafa utakuwepo, lakini mama na binti mtakuwa mnasoma kwa taa moja na mmoja wenu atakuwa amechoka. Swali lake la nani atamsuka usilichukulie la kitoto. Hakuuliza nani atamlisha, kwa kuwa anajua bibi yupo. Aliuliza jambo ambalo ni lenu wawili tu. Mjibu kwa uhakika, hata jibu likiwa kwamba shangazi yake atamsuka na wewe utapiga simu ya video wakati anasukwa.

Na hapa nitamsema kidogo baba wa boti, anisamehe. Anasema ukae nyumbani na watoto, na ni neno la upendo, silipingi. Lakini yeye hukaa wiki tatu Mpulungu na hakuna anayemuuliza nani anabaki na watoto, kwa sababu jibu siku zote ni wewe. Ukiwa Tabora kwa mwaka mmoja, je, anaweza kuomba safari za karibu? Je, tajiri wa boti ana kazi ya bandarini Kibirizi, hata kwa kipato pungufu, kwa miezi kadhaa? Labda haiwezekani kabisa, na mshahara wako peke yake hautoshi. Lakini sijaona kwenye barua yako kama aliulizwa. Nimeona tu kwamba alitoa maoni.

Mama mkwe naye ningemsikiliza mara ya pili. Mtu anayeishi mji mmoja nawe, anayejua kwamba mwanawe yuko majini, akisikia unakwenda Tabora anajua nani ataamka usiku. Inawezekana maneno ya karatasi ni hofu ya mgongo wake mwenyewe. Ukimwendea ukamwambia, "Mama, najua mzigo utakuangukia wewe, niambie unaweza kipi na hukiwezi kipi," unaweza kupata mazungumzo tofauti kabisa. Unaweza pia kupata matusi. Lakini utakuwa umeuliza.

Kuna njia nyingine katikati, na umeziandika mwenyewe bila kuziita njia. Mdogo wako wa Kasulu alijitolea, tena kwa watoto wote wawili, na wewe ukamjibia kwamba ana maisha yake. Kasulu kuna shule, kuna mtandao, kuna mtu wa damu yako anayejua darasa la nne ni nini. Hasara zake ni kweli: mkubwa atahama shule, bibi yao ataona amenyang'anywa wajukuu, na ndugu wawili wanaweza kukorofishana juu ya fedha ya matumizi kama hamkuandikiana mapema. Unaweza pia kuuliza kama vipo vyuo vya bweni vilivyo karibu zaidi na nyumbani. Kigoma na Tabora zote zina vyuo vya uuguzi vilivyo chini ya hospitali za misheni, na kingine huenda kinamruhusu mwanafunzi mtu mzima kupanga chumba nje na mtoto wake. Vingi havitakubali. Kuuliza ni vocha ya simu tu. Na unaweza kungoja mwaka mmoja, mkubwa amalize upimaji, mdogo akue, ukaweka akiba. Hofu yangu kwenye kungoja ni moja: umeshangoja miaka minane, na kila mwaka huwa na sababu yake nzuri. Ukingoja, ngoja na tarehe, na jina lako liwe tayari kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Mume wako atakapotia nanga, usianze kwa kumwambia umechagua nini. Mwekee mezani ile wiki yako uliyoiandika saa kwa saa, pamoja na ratiba za vyuo vyote viwili, na umwombe aseme yeye angeziweka wapi saa za kusoma. Mpe kalamu kabisa. Kisha nyamaza umwache aandike.

Jambo moja halimo kwenye barua yako yote: tarehe ya mwisho ya maombi. Itazame leo kwenye fomu zote mbili, kwa sababu kibali cha halmashauri kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko udahili wenyewe, na ofisi ya utumishi haifuati ratiba za boti. Barua ya kuomba kibali unaweza kuianza kabla hujaamua chochote. Ukishapata majibu ya Baraza na ya Afisa Utumishi, niandikie tena, tutayasoma pamoja.